Mchanga wa Upande wa Pili

Kilima kilikuwa kimerudi. Bi Matone alisimama mbele ya kioo cha tangi la samaki, shuka bado mabegani na kikombe cha chai mkononi, akakitazama kwa jicho la kumtazama mgeni aliyekwisha kuaga na bado yupo. Asubuhi ya jana alikuwa amekisawazisha kwa mwiko mrefu, taratibu, mpaka mchanga ukalala chini kwa adabu. Leo kilikuwa pale pale, cheupe, kimeegemea kioo cha upande wake, kimepanda shibiri nzima na zaidi, na kwa mtu aliyeketi kitini hakuonekana yeyote nyuma yake. Juu ya kilele mwanga wa taa ulichezacheza, buluu na kijani, na pampu ilivuma kama kawaida yake.

"Haya," aliuambia mchanga. "Tutaona atakayechoka kwanza."

Tusidanganyane: hakuwa akisema na mchanga. Alikuwa akisema na mdogo wake.

Mwanamke mwenye akili timamu, aliyestaafu kazi ya maabara ya shule bila kuvunja hata mrija mmoja, hafiki mahali pa kugombana na mchanga kwa siku moja. Zamani, pale palipo na maji, palikuwa na mlango. Ulikuwa mlango wa ndani wa nyumba ya mama yao, kati ya sebule na chumba kikubwa, na haukuwahi kufungwa kwa sababu mama hakupenda milango iliyofungwa. Mama alipofariki, dada hao wawili hawakupikika tena chungu kimoja. Mkubwa alichukua upande wa sebule, mdogo akachukua upande wa chumba kikubwa unaotokea mtaa wa pili, na mlango ukabaki wazi katikati yao, ukiwaaibisha wote wawili.

Neno lililowatenganisha lilikuwa fupi. Siku za msiba, mbele ya wageni, mdogo alisema, "Mama angekuwa kwangu, angekuwa hai." Bi Matone, aliyekuwa amemlisha mama kwa kijiko na kumgeuza ubavu hadi ubavu kwa miaka, alilisikia akiwa amebeba sinia la vikombe. Aliliweka sinia chini polepole, hakuna kikombe kilichogonga kingine, na tangu hapo hakumsemesha tena. Maji yakimwagika hayazoleki, alijiambia, na methali hiyo ikamtosha kwa muda mrefu.

Mjomba wao, fundi wa vioo, ndiye aliyeitwa auzibe mlango.

"Matofali mtafuteni mwashi," alisema. "Mimi nina vioo. Na siuzibi mlango wa dada yangu."

Akajenga msingi wa saruji hadi usawa wa kiti, juu yake akasimamisha tangi la vioo vinene lililoujaza mlango kwa upana, na juu ya tangi akaacha pengo la kupitisha mikono. Pengo hilo alilifunika kwa wavu wa kufunguka kila upande, kwa kuwa samaki aliowakusudia wana tabia ya kuruka. Akamwaga mchanga mweupe mwororo, akapanga mawe ya matumbawe, akatia maji ya chumvi, kisha wale samaki wawili. Alipomaliza alijifuta mikono, akawagawia kazi kama anayegawa urithi: mkubwa atashika maji, mdogo atashika chakula. "Asiyefanya lake, samaki watakufa," alisema, "na msiba huo mimi sihudhurii."

Wakatii. Mkubwa alikoroga chumvi katika pipa lake, akaiacha itulie, akatumbukiza kipima chumvi, akasoma, akaongeza kidogo, akasoma tena. Shuleni wanafunzi walimpa jina la Bi Matone kwa sababu hakuwahi kumimina kitu, alidondosha. Upande wa pili, mdogo wake, msusi, ambaye tangu utotoni aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga kizazi, aliingiza mkono kwenye pengo na kibanio kirefu, akaachia uduvi mdogo mmoja baada ya mwingine. Hawakusalimiana. Lakini samaki hawakukosa chumvi wala chakula hata siku moja.

Mjomba aliwaita machekeche, na jina likawakaa. Walikuwa weupe wa nyama ya nazi, wenye madoa ya rangi ya chungwa, na kazi yao ilikuwa moja tu. Walichota mchanga mdomo tele, wakautafuna kwa makini kama mpishi anayeonja chumvi, wakameza vijidudu ambavyo jicho halivioni, kisha wakauachia umwagike kupitia mashavuni ukiwa safi. Bi Matone aliwaheshimu. Aliona ni watu wa kazi, wasiopenda makuu, wanaoichukua dunia kidogo kidogo.

Hivyo ndivyo alivyoishi na mdogo wake miaka yote hiyo, akimwona kupitia maji. Alimwona vipande vipande: pindo la gauni, mkono wenye kibanio, mgongo ulioinamia kichwa cha mteja. Maji yalimrefusha na kumfupisha yalivyotaka. Kicheko cha wanawake wanaosukwa kilivuka kikiwa kimefunikwa na mvumo wa pampu, na Bi Matone alikisikiliza huku akijidai anasoma. Alikuwa na redio nzuri, lakini saa za kazi za Kitinda hakuifungua.

Halafu kicheko kikakoma. Kwanza kioo kikubwa cha ususi kiliondolewa ukutani. Yakafuata maboksi, moja juu ya jingine, rangi ya udongo, yakipindapinda majini. Mjomba alipompigia simu kumjulia hali, alimweleza kama anayezungumzia hali ya hewa: binti wa Kitinda, aliyeolewa mji wa mbali, anakaribia kujifungua, anamtaka mama yake akakae naye moja kwa moja. Gari linakuja Jumamosi.

Kisha Mjomba akasubiri.

"Namtakia safari njema," alisema Bi Matone, akakata simu, akakaa chini. Aliogopa. Aliogopa kama mtoto aliyeachiwa nyumba, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba anaogopa, maana mtu pekee ambaye angemwambia ndiye aliyekuwa anaondoka.

Ni wakati huo huo kilima kilipoanza kupanda. Chekeche mmoja naye alitoweka, akabaki mmoja akizunguka peke yake, na Bi Matone alidhani mwenzake amekufa chini ya mawe. Kuhusu kilima hakudhani; alijua. Ni Kitinda, kwa kibanio chake, anausukumia mchanga upande huu ili asionekane akifunga mizigo. Hata kuondoka anataka kuondokea mafichoni! Jambo hilo lilimuuma kuliko lile neno la msibani, na kila asubuhi, kabla chai haijapoa, aliingiza mwiko akabomoa. Mchanga ukishatulia alimkuta Kitinda ameketi kwenye kigoda upande wa pili, uso pembeni, akipanga vitana. Amekaa hapo kunionyesha kwamba hajali, aliwaza Bi Matone. Naye aliinua kipima chumvi, akajifanya anasoma, akamtazama juu yake mpaka chai ikapoa.

Alhamisi aliamka na mafua. Alibomoa kilima kwa mkono mlegevu, akanywa maji ya moto, akajilaza kwenye kiti kirefu kando ya tangi. Alasiri mawingu yaliteremka hadi kwenye mapaa, chumba kikawa na giza la kijivu, na umeme ukakatika. Pampu ilikohoa mara moja, ikanyamaza. Bi Matone hakuwa amewahi kusikia chumba chake bila mvumo ule. Ulikuwa ukimya mpana, wenye nafasi ndani yake, na homa ilimbeba juu yake taratibu.

Akiwa hivyo, macho nusu wazi, alimwona chekeche. Alikuja kutoka mbali, kutoka upande wa pili, mashavu yametuna. Alipanda mlima polepole, akafika kileleni, akafungua mdomo, akamwaga. Akageuka, akaenda. Akarudi tena mashavu yametuna. Bi Matone hakujua kama anamwona au anamwota. Mara ile iliyofuata ilionekana kwamba kilichomo mdomoni si mchanga bali kijiko cha mama, na kile kijiko kikawekwa kileleni kwa uangalifu. Vikaja vikombe vya msibani, na sinia lake. Ukaja mlango wenyewe, ubao kwa ubao, bawaba kwa bawaba. Samaki alikuwa akiihamisha nyumba nzima, mdomo kwa mdomo, kuileta upande huu, na wala hakuonekana kuchoka.

Aliposhtuka, samaki alikuwa bado anafanya kazi, na kilichomo mdomoni kilikuwa mchanga. Mchanga mtupu. Kilima kilichobomolewa asubuhi kilikuwa kimeshafika nusu, na hapakuwa na kibanio wala mkono wa mtu. Bi Matone alikodoa macho. Alikuwa amepigana na samaki! Mtumishi wa maabara, mtu wa vipimo na ushahidi, alikuwa amemhukumu mtu bila kupima chochote. Kicheko kilimpanda kifuani, na kingetoka, kama asingesikia maji yakimiminwa upande wa pili.

Ilikuwa sauti ya kikombe kikichota na kumwaga, kikichota na kumwaga, ili samaki wapate hewa. Na ilikuwa sauti ya Kitinda, karibu kabisa, nyuma ya kilima, ikipita juu ya maji na nyavu bila pampu ya kuifunika.

"Wewe mama, hebu pumzika basi. Umeme hakuna, hewa yenyewe ya kugombania, na bado umebeba mchanga. Mumeo yumo shimoni chini ya mchanga huo na mayai yake, Mjomba kanieleza. Tumejua. Hakuna anayekuja kumwibia."

Kikombe kikachota, kikamwaga.

"Na dada naye anabomoa, unajenga, anabomoa, unajenga. Usimkasirikie. Habomoi kwa ubaya. Anataka kuniona, basi tu. Mwenyewe hawezi kusema, unamjua alivyo. Ndiyo maana naamka mapema nakaa hapa, akimaliza kusawazisha anikute." Maji yalimwagika tena, safari hii taratibu zaidi. "Ananitazama kidogo, anajifanya anapima chumvi. Jumamosi sijui atamtazama nani."

Bi Matone hakutikisika. Kamasi zilimtiririka na hakuzifuta, asije akasikika. Angeweza kuinuka, aweke mdomo kwenye wavu, aseme ukweli: nilikuwa nabomoa kukukomoa. Huo ndio uliokuwa ukweli, asubuhi baada ya asubuhi. Aliitafuta ile hasira ili ashuhudie nayo, akaipapasa kila mahali alipokuwa akiiweka, na kila alipogusa alikuta kitu kingine. Aliukumbuka mwiko ukisawazisha. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akiharakisha ule mchanga utulie, na jinsi pumzi ilivyomshuka akimwona mtu kwenye kigoda. Mdogo wake alikuwa amemsingizia wema, na sasa hakuweza kuukana.

Akainuka, akavaa viatu. Kusema kupitia wavu wa samaki hakukufaa.

Alitoka kwa mlango wake, akafuata ukuta, akakata kona. Mvua ilikuwa imeanza, nyepesi, isiyo na haraka. Mtaa wa pili aliujua tangu utoto, lakini mbele ya mlango wa Kitinda hakuwahi kusimama, na alishangaa kuukuta umepakwa rangi ya kijani. Kibao cha ususi kilikuwa kimeng'olewa, misumari imebaki. Alisimama pale akilowa kwa sababu hakujua mtu anapigaje hodi katika nyumba ya mama yake mwenyewe.

"Hodi," alisema mwishowe, na sauti ilitoka ya mafua.

"Tumefunga, jamani!" Kitinda aliitikia kutoka ndani. "Sisuki tena. Jaribu yule wa karibu na duka la viatu."

"Sikuja kusuka."

Kikombe kiliwekwa chini. Mlango ulifunguka nusu, halafu wote, na Kitinda akasimama pale, mzima, bila maji ya kumpinda, mfupi kuliko alivyokumbukwa, na mvi pembeni mwa paji ambazo tangi halikuwahi kuzionyesha.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba." Bi Matone alilisema neno hilo kwa shida, kwa maana lilikuwa limekaa muda mrefu bila kazi.

"Umelowa. Ingia basi, umesimama kama mtu aliyepotea njia."

"Nimepotea kweli," alisema Bi Matone, akaingia.

Maboksi yalijaza chumba. Kulikuwa na kigoda, kiti kimoja, na harufu ya mafuta ya nywele iliyokataa kufungwa pamoja na vitu vingine. Bi Matone hakukaa.

"Nimekusikia ukiongea na samaki."

Kitinda aliweka kiganja mdomoni. "Yote?"

"Yote. Sasa na mimi nisikie. Nilidhani ni wewe unayeurundika ule mchanga. Nilidhani unanizibia nisikuone. Nilikuwa nabomoa kwa hasira, Kitinda, si kwa wema."

"Mimi?" Kitinda alimtazama, akatazama tangi, akamtazama tena. "Mchanga wote ule, kwa kibanio? Dada, ningeanza mwaka juzi!" Akaangua kicheko, kile kile kilichokuwa kikivuka maji, na Bi Matone akashindwa kujizuia, akacheka naye mpaka akakohoa, na kikohozi kikawa kisingizio kizuri cha machozi. Walipotulia, Kitinda aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hasira tu?"

"Kwa hasira. Lakini ukishalala chini nilikuwa nakutazama."

"Hilo nililiona." Alivuta pindo la gauni lake, akaliachia. "Dada, lile neno."

"Liache."

"Siliachi. Nimelibeba vya kutosha. Nilifika nimechelewa, nikakuta wewe unajua kila kitu. Dawa gani, alisema nini, alilalia upande gani. Watu wote wanakuuliza wewe. Mimi nikawa kama mpita njia kwenye msiba wa mama yangu. Nikatafuta cha kusema, nikasema lile. Na nililijua ni uongo likiwa bado mdomoni."

Bi Matone alikuwa na jibu. Alikuwa amelinoa miaka mingi, akaliweka tayari kwa saa kama hii, na sasa alipolitazama aliliona halimfai mtu yeyote. Chini yake palikuwa na jambo jingine ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Akakaa kwenye kigoda.

"Mama alikuulizia," alisema.

Kitinda aliinua uso.

"Siku zake za mwisho. Nywele zilikuwa zimemtimka, nikachukua kitana nimtengeneze. Akaushika mkono wangu, akasema, 'Acha. Kitinda atakuja kunisuka, ana mikono miepesi.' Nimemwogesha, nimemlisha, nimelala sakafuni kwa ajili yake, halafu anasubiri mikono yako. Iliniuma, mdogo wangu. Nilikuonea wivu. Ulipolisema neno lako nikaona nimepata sababu, nikakunyima hili. Nimekunyima hadi leo."

Kitinda alikuwa ameshika ukingo wa boksi. Alilia bila sauti na bila kujificha, mabega yakipanda na kushuka, na Bi Matone alimwacha alie kwa kuwa kilio hicho kilikuwa haki yake, tena kimecheleweshwa. Nje mvua ilikolea. Ndani ya tangi chekeche alipita mashavu yametuna, akamwaga, akarudi zake.

"Alisema hivyo?" Kitinda aliuliza baadaye. "Miepesi?"

"Miepesi."

Umeme ukarudi. Pampu ikaanza kuvuma, na ng'ambo ya maji taa ya sebule ikawaka. Bi Matone aligeuka akatazama. Kando ya kilima aliona chumba kidogo cha kijani, chenye kiti kirefu kimoja, shuka limeanguka chini, kikombe kimeachwa sakafuni. Ilimchukua muda kuelewa kwamba ni kwake. Hakujua kama chumba kile ni kidogo hivyo, wala kama kina kiti kimoja tu.

"Ndivyo unavyoniona?"

"Ndivyo. Ukiwa na miwani, ukiwa huna. Ukisinzia unaacha mdomo wazi."

"Sitaki uende," alisema Bi Matone.

"Najua, dada. Lakini kuna mtoto anakuja."

"Najua."

Kitinda alijifuta uso kwa mkono wa gauni, akalivuta boksi la juu, akaichana gundi ya karatasi aliyokuwa ameibandika asubuhi. Alipekua ndani, akatoa kitana na kopo la mafuta, akakaa kwenye kiti nyuma ya kigoda. Bi Matone alisikia kitambaa chake cha kichwa kikifunguliwa.

"Hizi nywele aibu tupu," alisema Kitinda. "Nani alikusuka mara ya mwisho?"

"Najifunga kitambaa."

"Naona."

Vidole viligusa utosi, vikatafuta njia, vikagawa nywele mafungu. Havikuvuta. Bi Matone alifumba macho. Kwa miaka yote alidhani mama alisema vile kwa upendeleo, kama wazazi wanavyopendelea vitinda mimba wao, na sasa, kichwa chake mwenyewe kikiwa katika mikono hiyo, aligundua kuwa mama alikuwa akisema jambo la kweli tu. Ilikuwa miepesi. Hata yeye angeisubiri.

"Hazitaisha leo," alisema Kitinda.

"Na kesho?"

"Kesho nafunga mizigo."

Vidole vilisimama. Mvua ilipiga dirishani, pampu ikavuma, na Bi Matone hakugeuza kichwa. Kisha vidole vikaendelea.

"Inama kidogo," alisema mdogo wake.